Mama Pamba na Jino la Mbele la Daktari Mkuu

Kama umewahi kuzibwa jino ukatoka kwenye kiti unahisi umebandikwa kokoto mdomoni, basi hukupitia kwa Mama Pamba. Waliopitia kwake hawahisi kitu, na kwa kuwa hawahisi kitu, hawamkumbuki. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Daktari hushukuriwa kwa kuondoa maumivu, lakini anayesugua kiraka cha jino mpaka ulimi ukasahau kwamba kipo, huyo husahauliwa pamoja na kiraka chake.

Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke mfupi mwenye mwili wake, ila vidole vyembamba utadhani kaazima kwa mtu. Miaka kumi na tisa alikalia stuli ileile ya magurudumu, kuliani mwa kiti namba mbili, katika kliniki iliyokuwa juu ya duka la vitambaa. Daktari akishatoboa, akasafisha, akajaza ile dawa nyeupe na kuigandisha kwa taa ya buluu, alivua glavu na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Hapo Mama Pamba ndipo aliposogea na diski zake nne, ndogo kama vifungo vya shati la mtoto, kila moja na msasa wake. Ya kwanza ilikula. Ya pili ilifuta mikwaruzo iliyoachwa na ya kwanza. Ya tatu ilifuta ya pili. Ya nne haikuonekana kufanya lolote, na ndiyo aliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Kisha alichomoa unyuzi wa pamba, akaushika kwa kibanio na kuupitisha juu ya kiraka taratibu. Ukikwama hata kidogo, alirudi nyuma diski mbili na kuanza upya. Usipokwama, alimwambia mgonjwa, "Haya, pitisha ulimi. Kuna kitu?" Mgonjwa alipitisha, akatikisa kichwa, akaenda zake kula. Jumla ilikuwa dakika kumi na moja kwa jino, na jina la Mama Pamba lilitokana na huo unyuzi.

Elimu hii hakuipata chuoni peke yake. Marehemu baba yake alikuwa seremala mkali, na kofi la kwanza la maisha yake alilipata kwa kuruka namba ya msasa kwenye mguu wa kiti. "Ukiruka namba," mzee alimwambia, "mkwaruzo unajificha chini, unakusubiri." Sasa ilikuwaje binti wa mzee huyo akaolewa na seremala wa vanishi, mwulize mwenyewe. Mumewe alikuwa mtu mwema, mcheshi, asiyeweza kusugua ubao kwa zaidi ya pumzi tano. Meza yao ya kulia ilimeremeta kama uso wa bwana harusi, lakini ukiegemeza kiwiko unatoka na kibanzi.

"Baba watoto," Mama Pamba alisema karibu kila siku, kiganja kikiwa juu ya meza, "huku chini umeacha shamba la mahindi."

"Mke wangu, nani anakula kwa kiganja? Macho yameridhika."

"Macho ni ya kudanganywa."

"Basi zima taa tule," mume alijibu, na wote wawili wakacheka, kwa kuwa ndoa ni kuvumiliana vibanzi.

Mambo yaliharibika alipokuja Daktari Mkuu mpya. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya siku tisa, akarudi na cheti kilichowekewa fremu kubwa kuliko dirisha la ofisi yake. Alikuja pia na makasha ishirini ya vimpira vya kijivu. Kimpira kimoja, alisema, kinafanya kazi ya diski zote nne, kwa dakika moja. Na ili watu wajue kwamba hatanii, kwenye kila kiti aliweka kisaa cha jikoni chenye umbo la kuku, kile ambacho watu hutegea mayai yanapochemka.

Siku ya kwanza alisimama nyuma ya Mama Pamba, kikombe cha kahawa mkononi. Hicho kikombe hakikumtoka mkononi asubuhi hata jioni. Watu walikuwa wakisema analala nacho.

"Mama Pamba, dakika kumi na moja? Unasugua jino au unalilea?"

"Nalisugua, Daktari."

"Na kimpira changu?"

"Nimekijaribu. Kinang'arisha, Daktari. Hakilainishi."

"Si ni kitu kimoja?"

Mama Pamba aliiwaza meza ya nyumbani, akaona anyamaze. Kunyamaza kwake kulimuudhi Daktari Mkuu kuliko jibu lolote.

Akaamua kumwaibisha kwa sayansi. Aliagiza vitengenezwe vidonge thelathini vya ile dawa ya kuziba, vyote sawa, vikandamizwe chini ya ukanda wa plastiki angavu na kugandishwa kwa taa. Kumi visuguliwe kwa kimpira. Kumi avisugue Mama Pamba kwa diski zake. Kumi vya mwisho visiguswe kabisa, vitolewe tu chini ya plastiki, kwa ajili ya kulinganisha. Yaani vipatikane vibaya vya kushika mkia. Vyote vikapelekwa chuoni, kwenye mashine yenye sindano inayotembea juu ya kitu na kuandika kila kilima na kila bonde, hata vile ambavyo jicho haliwezi kuota kuviona.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Vya kimpira vilikuwa vya mwisho. Vya Mama Pamba vilikuwa vya pili, vimeviacha vya kimpira mbali. Na vilivyoshika nafasi ya kwanza, laini kuliko vyote, vilikuwa vile ambavyo hakuna aliyevigusa.

Daktari Mkuu alijifungia ofisini saa nzima. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungekiri mbele ya kliniki kwamba mwanamke wa stuli ameyashinda makasha yako ishirini? Yeye alipata njia nyingine. Alitoka kifua mbele na kutangaza kwamba utafiti wake umevumbua jambo kubwa: kiraka laini kuliko vyote ni kisichosuguliwa. Kwa hiyo, tangu leo, kusugua basi.

Mama Pamba, ambaye mdomo wake haukuwa na mazoea ya kubishana na wakubwa, safari hii aliufungua.

"Daktari, vile ni vidonge vya mezani. Vimelazwa chini ya plastiki vikatoka na sura ya plastiki. Jino lina kona, lina jirani, linauma. Plastiki haikai sawa pande zote. Na hata ikikaa, pale juu ni gundi tupu, haina zile chembe za kuipa nguvu. Inakunywa rangi."

"Sayansi imeshasema."

"Sayansi imesema kuhusu vidonge."

"Mama Pamba," alisema Daktari Mkuu kwa sauti ya upole, ile wanayoitumia watu wanaotaka kukufukuza, "mapokezi wana upungufu wa mtu."

Amri ilichapwa na kubandikwa ukutani, na kwa kuwa itatuhusu mpaka mwisho, heri tuisome. Ilisema kwamba kusugua viraka kumefutwa. Ilisema kwamba penye ulazima mkubwa pawe na kibali cha maandishi chenye sababu na saini ya Daktari Mkuu mwenyewe, nacho kibandikwe mapokezi mbele ya watu, ili wapoteza muda wajulikane. Na ilisema kwamba hata mwenye kibali asizidishe dakika nne. Kuku akilia, mkono uondoke mdomoni mwa mgonjwa. Mama Pamba aliambiwa akae mapokezi kwa majaribio. Barua ya kumgeuza karani moja kwa moja ilikwishachapwa, ikingoja tu kusainiwa mwisho wa majaribio hayo.

Ilimuuma, tusifichane. Alirudi nyumbani akakaa mbele ya meza ya vibanzi bila kuilalamikia, na mumewe akaingiwa na hofu.

"Umeumwa?"

"Nimetolewa kwenye stuli yangu."

Mume aliweka kijiko chini.

Daktari Mkuu, kwa upande wake, hakuwa mtu wa nusu nusu. Miaka yote aliwakataza wagonjwa kufungua soda kwa meno, na wiki ileile ya tangazo alifungua soda kwa jino, akamega kipande cha jino la mbele la juu. Mganga hajigangi. Lakini aliigeuza aibu kuwa tamasha: akakaa kwenye kiti namba mbili mbele ya wafanyakazi wote, daktari kijana akamziba, plastiki ikawekwa, taa ikawashwa, plastiki ikatolewa. Hakuna diski, hakuna kimpira. Akainuka, akachukua kikombe chake cha kahawa na kutabasamu. Kweli, liling'aa.

Kule mapokezi, Mama Pamba akawa ndiye mwenye daftari la malalamiko, kazi ambayo zamani ilikuwa mapumziko. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alirudi akisema ulimi umechubuka, hawezi kutamka "sisisi" mbele ya watoto. Mzee mmoja alisema kiraka chake kinakamata kila kitu anachokula na kukihifadhi hadi kesho. Fundi cherehani alikuja kuchukua dawa ya mtoto wake, akaulizwa kama na yeye ana lalamiko.

"Mimi sina," alisema kwa furaha. "Siku hizi sitafuti mkasi. Nakata uzi kwa hiki kiraka changu."

Mama Pamba aliandika yote kwa mwandiko mzuri, akayapeleka ofisini kila Ijumaa. Yalirudi yamepigwa muhuri: YAMEONEKANA.

Mwezi wa kwanza jino la Daktari Mkuu lilikuwa jeupe. Mwezi wa pili lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Mwezi wa tatu yalibaki majani ya chai bila maziwa. Watu walianza kugundua kwamba bosi wao amekuwa mtu wa huzuni, hacheki. Kumbe alikuwa hafungui mdomo. Barakoa aliyoivaa kidevuni siku zote ikapanda juu na kukaa huko, hata kwenye vikao. Na alipozungumza, ncha ya ulimi ilikuwa ikienda kule mbele, inagusa, inarudi, inakwenda tena, kama mtu aliyesahau kufunga mlango.

Ndipo ikaja habari kwamba chama cha madaktari wa meno kinatuma wageni kuja kuuona uvumbuzi ule. Watafika Alhamisi, saa nane mchana. Daktari Mkuu atatoa hotuba, na jino lake mwenyewe litakuwa ushahidi.

Alhamisi hiyo, saa sita na nusu, wenzake wote wakiwa wameenda kula, Daktari Mkuu alisimama mbele ya meza ya mapokezi. Barakoa ilikuwa juu.

"Mama Pamba. Una nafasi kidogo?"

"Ninayo, Daktari. Kuna lalamiko?"

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha barakoa. Mama Pamba alikwishaona meno mengi, lakini ilimbidi akohoe.

"Nataka ulipitie kidogo. Kidogo tu."

Mama Pamba alifungua droo, akatoa fomu ya kibali na kalamu, akavisogeza mbele yake kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mama, si ni mimi!"

"Ndiyo, Daktari. Pale pa saini ni wewe, na pale pa mgonjwa pia ni wewe. Imekuwa rahisi."

Alijaza huku jasho likimtoka. Penye sababu alisita sana, akaandika, akatia saini. Kisha wakaenda kwenye kiti namba mbili, Mama Pamba akamtega kuku kwa dakika nne na kuwasha mashine.

Alianza na diski ya kwanza, ile inayokula, kwa kuwa hakuna pengine pa kuanzia. Rangi ya chai ikatoka kama vumbi. Akafuata ya pili. Mkono haukuwa umesahau. Alihisi kiraka kikianza kumsikiliza, na moyo wake, uliokuwa umelala miezi mitatu, ukaamka. Akiwa katikati ya diski ya pili, kuku akalia.

Mama Pamba akazima mashine, akaondoa mkono.

"Tayari?" aliuliza Daktari Mkuu. Akapitisha ulimi. Macho yakamtoka. "Hii nini? Linakwaruza kuliko mwanzo!"

"Ndiyo, Daktari. Ni mikwaruzo ya diski ya pili. Inafutwa na ya tatu."

"Sasa si uweke ya tatu?"

"Kuku amelia."

Asiseme mtu kwamba Mama Pamba hakufurahi. Alifurahi mpaka visigino vikamwasha. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na nguruwe wa siku zote alikuwa yeye. Lakini pia aliumia, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kuacha kitu kwenye namba ya pili, na vidole vilimsihi aendelee. Akavikunja mapajani.

"Mama Pamba, wageni wanafika saa nane!"

"Amri ni yako, Daktari. Ipo pale ukutani. Mimi karani wa mapokezi nitaifuta vipi?"

Daktari Mkuu aliinuka na kitambaa cha mgonjwa kikimning'inia shingoni, akaiendea ile amri, akachomoa kalamu, akayakata maneno ya dakika nne kwa mistari mitatu, akatia saini pembeni na tarehe. Kisha akarudi kitini, akamchukua yule kuku, akamkalia.

"Endelea," alisema.

Akaendelea. Diski ya tatu, halafu ya nne, na ile ya nne hakuiharakisha, wageni au si wageni. Akachomoa unyuzi wa pamba, akaupitisha. Uliteleza bila kukwama popote.

"Pitisha ulimi. Kuna kitu?"

Daktari Mkuu alipitisha. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu ule ulimi ulitulia mahali pake. Akafumba macho kidogo. Mtu mwingine angesema ahsante. Yeye alitazama saa, akakimbilia ofisini kuvaa tai.

Mama Pamba alirudi mapokezi, akachukua kibali, akakibandika ubaoni mbele ya watu kama amri inavyotaka. Kipengele hicho hakuna aliyekuwa amekikata.

Wageni walifika saa nane kamili, watu tisa, wakiongozwa na Mwenyekiti wa chama, mama mwenye mvi aliyewafundisha nusu ya madaktari wa mjini. Wakapanga foleni kuandika majina kwenye kitabu, na aliyesubiri zamu yake hakuwa na la kutazama isipokuwa ubao. Mmoja alisoma, akamgusa mwenzake. Mwenyekiti aliweka miwani yake sawasawa, akasoma mara mbili, akamwangalia Mama Pamba.

"Huyu msuguaji aliyeandikwa hapa, Mama Pamba, ni nani?"

"Mimi, shikamoo."

"Marahaba. Twende wote ndani."

Ukumbini Daktari Mkuu alizungumza vizuri sana. Alionyesha michoro ya vilima na mabonde. Mwishowe akavuta mdomo wa juu kwa vidole viwili na kuwaalika wageni wasogee.

"Hiki kiraka kina miezi mitatu," alisema. "Tangu kigandishwe, hakijaguswa na mkono wa mtu."

Mwenyekiti alisogea, akachungulia muda mrefu. Akaomba pamba. Mama Pamba alikuwa nayo mfukoni, kama kawaida. Mwenyekiti akaupitisha unyuzi mwenyewe, akautazama mwangani.

"Kazi safi," alisema. "Sijaona laini kama hii tangu nistaafu. Sasa, mwanangu, kile kibali kule mapokezi ni mwandiko wa nani? 'Mgonjwa: Daktari Mkuu. Sababu ya kusugua: limekuwa jeusi na ulimi wangu haupati usingizi.' Tarehe ya leo."

Daktari Mkuu bado alikuwa ameshika mdomo wake wa juu kwa vidole viwili. Hakujua aushushe au auache. Mgeni mmoja alianza kukohoa kile kikohozi kisicho na ugonjwa.

Mwenyekiti hakumkemea, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alifungua mdomo wake mwenyewe, akagusa jino la nyuma kwa kidole.

"Nina kiraka hapa cha mwaka jana, nilizibiwa na mmoja wa wanafunzi wangu. Kilisuguliwa kwa kimpira. Kinanikera kila ninaposema neno." Akamgeukia Mama Pamba. "Utaniangalizia? Unapewa dakika ngapi?"

Mama Pamba alimtazama Daktari Mkuu, na watu wote ukumbini wakamtazama Daktari Mkuu. Akaushusha mdomo.

"Anazotaka," alisema.

Ile barua ya ukarani haikusainiwa, wala haikutajwa tena. Amri ilishushwa jioni ileile, na Jumatatu ikapanda nyingine yenye kichwa "Njia ya Hatua Nne," chini yake jina la Daktari Mkuu kama mvumbuzi. Mama Pamba aliisoma akacheka, akampelekea mumewe yule kuku, amtege kila anaposugua ubao, asiguse vanishi kabla kuku hajalia.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile alimkalisha Mwenyekiti kwenye kiti namba mbili, akaivuta stuli yake. Juu yake palikuwa na maduara matatu meusi; miezi mitatu Daktari Mkuu alikuwa akiitumia kuwekea kikombe cha kahawa. Mama Pamba aliloweka pamba kwenye spiriti, akafuta duara la kwanza, la pili, la tatu, akapitisha kiganja kuhakikisha, ndipo akakaa.

"Haya, mama," alisema. "Pitisha ulimi, kisha unionyeshe panapokukera."